Kuchagua Mpangilio wa Noti za Kitabibu: Tuanze na Atakayesoma

Saa nane za usiku muuguzi wa zamu anafungua faili la mgonjwa aliyelazwa siku tatu zilizopita. Mgonjwa amebadilika ghafla: anahema kwa shida, na daktari wa zamu ameitwa lakini hajafika. Muuguzi anataka kujua mambo matatu tu, nayo ni kwa nini mgonjwa alilazwa, daktari wa mchana alidhani ni ugonjwa gani, na aliagiza nini kifanyike hali ikibadilika. Skrini inamletea kwanza orodha ya dawa zote ambazo mgonjwa amewahi kuandikiwa, kisha majibu ya damu ya siku tatu yaliyoingia yenyewe kutoka maabara, kisha uchunguzi wa mwili wenye mistari 24 ambayo karibu yote inasema “kawaida”. Anashusha ukurasa, anaendelea kushusha. Maneno anayoyatafuta yapo: “Nadhani ni nimonia, lakini sijaridhika kwamba moyo hauhusiki. Akianza kuhema kwa shida, maji ya mshipa yasimamishwe na daktari aitwe mara moja.” Yameandikwa vizuri, na yako chini kabisa.

Aliyeandika noti ile hakuzembea. Alifikiri kwa makini, akaandika wazi, akaacha maagizo ambayo yangemfaa mwenzake. Kilichomwangusha ni mpangilio, na mpangilio ule hakuuchagua yeye. Ulichaguliwa zamani, pengine katika kikao kilichojadili kwa saa nyingi bei ya leseni na uwezo wa seva, kisha kikamaliza suala la noti kwa dakika chache kwa kuwa programu ilikuwa imekuja na kiolezo chake, yaani fomu ya noti iliyopangwa tayari. Nimewahi kukaa katika vikao vya namna hiyo, na ninaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba dakika hizo chache zina uzito mkubwa kuliko vipengele vingi vya mkataba katika kuamua kama mfumo wa kumbukumbu za afya wa kielektroniki utawasaidia watu au utawachosha.

Hoja yangu ni hii. Katika faili la karatasi, mpangilio wa kuandika na mpangilio wa kusoma vilikuwa kitu kimoja kwa lazima, maana wino ukishakauka mahali pake hauhami. Kompyuta imeondoa lazima hiyo: kipande cha noti kilichoandikwa mwisho kinaweza kusomwa kwanza, na noti ileile inaweza kumtokea muuguzi kwa sura moja na mfamasia kwa sura nyingine. Hata hivyo tunaendelea kuchagua mpangilio kana kwamba tunapeleka fomu kwa mpiga chapa. Tunauliza mwandishi atajaza nini, tukisahau kuuliza ni nani atakayesoma, akiwa na haraka gani, na akishasoma atatakiwa kufanya nini.

Mpangilio unaotawala karibu kila mahali ni ule unaojulikana kwa herufi SOAP, za maneno ya Kiingereza subjective, objective, assessment na plan. Sehemu ya kwanza ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe, ya pili ni yale ambayo tabibu ameyaona na kuyapima, ya tatu ni tathmini yake, na ya nne ni mpango wa matibabu. Chanzo chake ni kazi ya daktari wa Marekani, Lawrence Weed, ambaye mwaka 1968 alichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine hoja kwamba kumbukumbu za mgonjwa zinapaswa kumwongoza tabibu na kumfundisha, badala ya kuwa lundo la karatasi. Wakati huo faili lilipangwa kwa kufuata chanzo cha karatasi: noti za madaktari huku, za wauguzi kule, majibu ya maabara nyuma. Weed alitaka faili lipangwe kwa kufuata matatizo ya mgonjwa. Kila tatizo lipewe namba na jina, liwekwe kwenye orodha ya mwanzo, na kila noti ya maendeleo ionyeshe inahusu tatizo namba ngapi. Zile sehemu nne zilikuwa za kupanga fikra chini ya kila tatizo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu programu nyingi zimechukua herufi nne na kuiacha orodha ya matatizo, ambayo kwa Weed ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Zimetupa visanduku vinne kwa kila hudhurio. Mchukulie mgonjwa mwenye kisukari, shinikizo la damu, goti linalouma na usingizi uliopotea tangu afiwe. Maelezo yake yote manne yanamiminwa katika kisanduku kimoja, vipimo vyote katika kingine, tathmini katika cha tatu, na mpango katika cha nne. Atakayesoma baada ya miezi miwili akitaka kujua habari za goti peke yake itambidi aokote vipande vinne kutoka masanduku manne, arudie vivyo hivyo kwa kila noti ya nyuma, na aviunganishe kichwani. Anayesema kwamba kituo chake kinatumia SOAP na aulizwe kwanza kama programu inamruhusu kufunga kila tathmini na mpango kwenye tatizo lenye jina, na kama akibofya jina la tatizo hilo ataona historia yake peke yake kwa mfululizo wa tarehe. Ikiwa jibu ni hapana, anachotumia ni nusu ya wazo, na ile nusu yenye manufaa makubwa zaidi haimo.

Kutokana na adha ya kushusha ukurasa, baadhi ya hospitali na watengenezaji wa programu wamegeuza herufi na kupata APSO: tathmini na mpango juu, maelezo na vipimo chini. Hakuna neno linaloongezwa wala kupunguzwa. Kwa yule muuguzi wa saa nane za usiku mageuzi hayo yangetosha kabisa. Daktari wa kliniki ya wagonjwa wa nje naye angefaidika, kwa kuwa kabla ya kumwita mgonjwa ndani huwa anataka kujua hudhurio lililopita liliishia wapi.

Wapo wanaoipinga APSO, na pingamizi lao nimelipima kwa uzito wake. Wanasema kwamba ushahidi unatakiwa kutangulia hukumu. Msomaji akikutana na jina la ugonjwa kabla ya kukutana na mgonjwa, atayasoma maelezo yote yaliyobaki kwa miwani ya jina hilo, na kosa la daktari wa kwanza litarithiwa na wa pili na wa tatu bila mtu kulishtukia. Walimu wa vyuo vya utabibu huongeza kwamba mwanafunzi akizoea kuandika hitimisho kwanza atajifunza kutafuta ushahidi wa kulitetea. Hofu hizi ni za kweli. Daktari bingwa aliyepokea mgonjwa wa rufaa ili atoe maoni yake huru anafaa kusoma maelezo na vipimo kabla ya tathmini ya mwenzake, na mwanafunzi anafaa kuandika kwa utaratibu wa SOAP mpaka fikra zake zikomae.

Lakini mabishano haya yote yanasimama juu ya dhana kwamba noti ina utaratibu mmoja tu. Programu inayohifadhi kila sehemu ya noti peke yake inaweza kumwacha mwanafunzi aandike kuanzia maelezo, ikamwonyesha muuguzi kuanzia mpango, na ikamwonyesha bingwa maelezo kwanza huku tathmini ikiwa imefunikwa mpaka aifungue. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa programu ni kama sura ya kusoma inaweza kutenganishwa na sura ya kuandika, na kama inaweza kutofautiana kwa kada. Muuzaji akijibu kwamba inawezekana, mwambieni aonyeshe palepale, kwa noti ndefu ya mgonjwa wa mfano mwenye matatizo mengi. Noti fupi ya mafua haidhihirishi lolote.

Suala gumu kuliko utaratibu wa sehemu ni kiasi gani cha noti kiwe visanduku vya kuchagua na kiasi gani kiwe sentensi. Hapa wanakutana watu wawili wenye haja tofauti. Mtu wa takwimu anataka visanduku, kwa kuwa maneno huru hayahesabiki kwa urahisi. Tabibu anataka nafasi ya kueleza. Kila mmoja hudhani mwenzake hajui umuhimu wa kazi, na mara nyingi anayeshinda ni yule aliyekaa karibu zaidi na mwenye saini ya mkataba.

Tazameni mfano huu. Mwanamke wa miaka 58 anakuja na maumivu ya kifua. Kiolezo cha visanduku kinatoa: maumivu ya kifua, ndiyo, muda, zaidi ya wiki 2, ukali, 5 kwa 10, huongezeka kwa kazi, ndiyo, hupungua kwa mapumziko, ndiyo. Sasa soma maelezo yake yalivyoandikwa na tabibu aliyemsikiliza: “Anasema kwa miezi kadhaa kifua kimekuwa kikimbana akipanda ngazi na kuachia akikaa. Tangu juzi kimembana mara mbili akiwa amelala, na jana usiku kilimwamsha.” Visanduku havikudanganya, kila kimoja kina ukweli. Kilichopotea ni mabadiliko. Maumivu yaliyokuwa yakija kwa kazi tu sasa yanakuja mtu akiwa amepumzika, na badiliko hilo ndilo linaloashiria hatari ya shambulio la moyo na kumfanya mgonjwa huyu asirudishwe nyumbani. Kisanduku kinajua kuuliza hali ikoje. Hakina mahali pa kuandika kwamba hali ilikuwa hivi na sasa imekuwa vile, isipokuwa aliyekitengeneza alikumbuka, na hawezi kukumbuka kila kitu.

Sasa tuugeuze mfano. Mgonjwa mwingine amemweleza tabibu kwamba miaka mitatu iliyopita alipewa penisilini, akavimba midomo na kukosa pumzi. Tabibu ameliandika hilo kwa ufasaha katikati ya aya ya historia, halafu sehemu ya mzio ameiacha wazi. Baada ya mwezi mmoja daktari mwingine anaandika amoksilini, dawa ya jamii hiyohiyo, na programu inakaa kimya. Haikupaswa kukaa kimya, lakini haikujua: kwa mashine, aya ile ni mfululizo wa herufi tu, na onyo la mzio hutoka pale tu jina la dawa linapokuwa limeingizwa mahali pake, katika orodha inayotambulika. Sentensi nzuri ilimwacha mgonjwa bila kinga.

Mifano hii miwili inanipa kanuni ninayoitumia kila ninapoombwa ushauri. Kile ambacho mashine inatakiwa kukifanyia kazi yenyewe kiwe kisanduku: mzio, dawa na vipimo vyake, uzito, shinikizo la damu, orodha ya matatizo yenye kodi zake (alama za utambulisho ambazo mashine huzisoma), chanjo, tarehe ya kurudi. Kile ambacho binadamu anatakiwa kukielewa kiwe sentensi: jinsi ugonjwa ulivyoanza na kubadilika, kwa nini tabibu anadhani ni hiki na si kile, ni nini kinachomtia wasiwasi, na mgonjwa mwenyewe anataka nini. Vipo vichache vilivyo mpakani, kama uvutaji wa sigara au historia ya ukoo, na hivyo kila kituo kiamue kwa kadiri ya matumizi yake. Ninachokikataa ni tabia ya kugeuza fikra ya tabibu kuwa menyu ili ripoti ya mwezi ipatikane kwa urahisi. Ripoti ya mwezi ina haki yake, lakini haihitaji kula tathmini ya mgonjwa ili iishi.

Kanuni hiyo ina faida nyingine ambayo huonekana baadaye, siku kituo kinapobadilisha programu au kinapompeleka mgonjwa kituo kingine. Viwango vya kimataifa vya kubadilishana kumbukumbu, kama vile vya shirika la HL7, hutambua sehemu za hati kwa kodi. Sehemu ya mzio, kwa mfano, hubeba kodi 48765-2 ya LOINC, orodha ya kimataifa ya kodi za vipimo na hati za afya, na mfumo unaopokea huijua hata kama kichwa chake kimeandikwa kwa lugha nyingine. Noti ambayo sehemu zake zimehifadhiwa kila moja na kodi yake huhama na maana yake. Noti iliyohifadhiwa kama ukurasa mmoja mrefu huhama kama picha ya ukurasa, na kila kitu kilichomo hubaki kimefungiwa humo. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, ombeni mwonyeshwe noti moja ikitoka katika programu na kuingia katika nyingine, halafu mtazame kimefika nini.

Kuna maradhi mawili ambayo hushambulia mpangilio wowote ule, na mtu anayechagua bila kuyafikiria atakuwa anatwanga maji kwenye kinu. La kwanza ni kunakili noti ya jana na kuibandika leo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la JAMA Internal Medicine, uliofanywa katika hospitali ya chuo kikuu huko San Francisco, ulipitia noti za maendeleo zaidi ya 23,000 na kukuta kwamba asilimia 18 tu ya maandishi ndiyo yaliyoandikwa kwa mkono wa tabibu siku hiyo. Asilimia 46 yalikuwa yamenakiliwa, na asilimia 36 yalikuwa yameingizwa na mfumo wenyewe kutoka sehemu nyingine. Maana yake ni kwamba msomaji anapekua zaidi ya maneno manne ili apate neno moja jipya, na hana alama ya kumwonyesha ni lipi. Kunakili kwenyewe si dhambi, kwa kuwa historia ya upasuaji wa miaka kumi iliyopita haibadiliki kila asubuhi. Lakini jambo lisilobadilika halihitaji kukaa ndani ya noti ya kila siku; linahitaji mahali pamoja pa kudumu katika faili, na noti ilielekeze huko. Mpangilio unaolazimisha kila noti ibebe historia yote ndio unaowasukuma watu kunakili, kisha tunawalaumu wao.

La pili ni kitufe cha “yote kawaida”. Kwa kubofya mara moja, mistari 24 ya uchunguzi hujazwa: macho kawaida, shingo kawaida, mapafu kawaida, tumbo kawaida, mishipa ya fahamu kawaida. Tabibu aliyempima mgonjwa mapafu na tumbo peke yake sasa ameweka saini chini ya uchunguzi ambao hakuufanya. Mimi ningeomba kitufe hicho kiondolewe kabisa. Mahali pake pawe na mistari ambayo haionekani mpaka mtu aandike kitu, ili kisichopimwa kibaki wazi na msomaji ajue kwamba hakikupimwa. Noti fupi inayosema ukweli kuhusu mapafu na tumbo ina manufaa kuliko noti ndefu ambayo hakuna anayejua ni mstari upi wa kuaminiwa.

Mtu atauliza kwa nini vitu kama hivyo viliingia katika programu hapo mwanzo. Sehemu kubwa ya jibu, kwa programu zilizotengenezwa Marekani, iko kwa mlipaji. Kanuni za mwaka 1995 na 1997 za kulipia hudhurio la daktari zilihesabu, pamoja na mambo mengine, vipengele vya historia na viungo vilivyochunguzwa, hivyo noti yenye mistari mingi ilistahili malipo makubwa zaidi. Watengenezaji wakatengeneza violezo vya kuzalisha mistari. Kuanzia Januari 2021 kanuni za huduma za wagonjwa wa nje zilibadilishwa, na kiwango cha malipo sasa hutegemea ugumu wa maamuzi ya kitabibu au muda uliotumika. Violezo vingi, hata hivyo, bado vina umbo la enzi ile, na vimeuzwa katika nchi ambazo hazijawahi kuwa na kanuni hizo. Kituo kinachovipokea kama vilivyo kinamwandikia msomaji ambaye kwao hayupo, na kinalipia maandishi hayo kwa muda wa watu wake. Muda huo si mdogo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika Annals of Internal Medicine ulikuta kwamba kwa kila saa moja ambayo madaktari waliofuatiliwa walikaa ana kwa ana na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye kompyuta na kazi za mezani.

Kada nyingine zina mipangilio yao, na sioni busara ya kuzilazimisha zote ziingie katika SOAP kwa ajili ya kufanana. Wauguzi wengi huandika kwa mtindo wa tatizo, hatua iliyochukuliwa na matokeo yake, na mtindo huo unawafaa kwa kuwa kazi yao wodini ni mfululizo wa hatua na matokeo ndani ya zamu moja. Katika afya ya akili hutumika DAP, inayounganisha yale aliyoyasema mgonjwa na yale yaliyoonekana kuwa sehemu moja, kisha tathmini na mpango, na BIRP, inayoanza na mwenendo wa mgonjwa, ikaenda kwenye alichofanya mtaalamu, mwitikio wa mgonjwa na mpango. Kuunganisha kauli na dalili kuna mantiki katika kazi hiyo, maana mtu anavyosema ndiko kunakochunguzwa. SBAR (hali ilivyo, historia yake, tathmini na pendekezo), ambayo baadhi ya programu huiorodhesha pamoja na hizi, ni kitu kingine: ilitoka katika mawasiliano ya manowari za jeshi la majini la Marekani na ikaingia hospitalini kwa ajili ya makabidhiano ya zamu na kumpigia daktari simu. Ni nzuri sana kwa kazi hiyo. Haifai kuwa kumbukumbu ya mgonjwa, na anayeiweka katika menyu moja na SOAP anawachanganya watu wake.

Jambo moja kuhusu afya ya akili lisisahauliwe wakati wa kuchagua. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo huwa na maandishi ya faragha kuhusu kilichozungumzwa, mbali na noti rasmi ya hudhurio. HIPAA, sheria ya Marekani inayolinda taarifa za afya za mgonjwa, huyapa maandishi hayo ulinzi wa pekee ikiwa yamehifadhiwa kando na faili lingine. Programu yenye kisanduku kimoja tu cha maelezo, kinachoonekana na kila mwenye ruhusa ya kufungua faili, humlazimisha mtaalamu ama aandike siri mahali pasipo na siri, ama aandike kwenye daftari lake, ama asiandike kabisa.

Halafu yupo msomaji ambaye kwa muda mrefu hakuhesabiwa, naye ni mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2010 nchini Marekani ulianza mradi wa OpenNotes, ambapo madaktari wa huduma za msingi zaidi ya 100 huko Boston, Pennsylvania na Seattle waliwafungulia wagonjwa wao noti walizoandika kuwahusu. Tangu Aprili 2021 kanuni za nchi hiyo zinawataka watoa huduma kuwapa wagonjwa noti zao za kielektroniki bila kuzichelewesha, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mahali kwingine jambo hili liko katika hatua tofauti, lakini programu inayonunuliwa leo itatumika kwa miaka mingi, na mwelekeo uko wazi. Mgonjwa akifungua noti, hutafuta mpango kwanza: anywe nini, arudi lini, dalili gani imrudishe kabla ya tarehe. Hapo tena tunarudi kwenye sura ya kusoma. Na maneno nayo yana uzito wake. Vichwa vya violezo huandika “malalamiko makuu”, na tabibu hufuata kwa kuandika “analalamika maumivu”, kana kwamba mtu aliyetaja maumivu yake ni mlalamishi. “Sababu ya kuja” ingetosha, na kubadilisha kichwa hicho katika kiolezo ni kazi ya dakika moja. Naomba vituo viitumie dakika hiyo.

Siku hizi zipo pia programu zinazosikiliza mazungumzo ya tabibu na mgonjwa na kuandika noti zenyewe kwa akili mnemba. Zinaweza kumrudishia tabibu macho yake kwa mgonjwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini programu ya namna hiyo ikipewa kiolezo chenye sehemu kumi, ina mwelekeo wa kutafuta cha kujaza katika zote kumi, na uchunguzi wa mwili ambao haukutamkwa ndio ulio rahisi zaidi kubuniwa. Kiolezo kifupi chenye ruhusa ya kubaki wazi kinapunguza hatari hiyo. Kanuni ya kutojaza kisichofanyika inafaa kwa mashine kama inavyofaa kwa binadamu, na tabibu asome kila mstari kabla ya kuweka saini.

Kwa wanaotakiwa kuamua hivi karibuni, napendekeza jaribio ambalo halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka nje. Chukueni noti 10 halisi, mfute majina na kila kinachomtambulisha mgonjwa, mziingize katika kila mpangilio unaoshindanishwa. Waiteni watu ambao hawajawahi kuwaona wagonjwa hao: muuguzi wa zamu ya usiku, daktari kijana, mfamasia, mtu wa takwimu. Kila mmoja apewe dakika moja kwa kila noti na aulizwe tatizo kuu ni nini, kimebadilika nini tangu hudhurio lililopita, na hatua inayofuata ni ipi na ni ya nani. Andikeni majibu na muda. Baada ya hapo waulizeni waandishi ilichukua dakika ngapi kujaza kila mpangilio, maana mpangilio usomekao vizuri lakini usiojazika utaachwa ndani ya mwezi mmoja. Matokeo ya mchana mmoja wa namna hii hueleza mengi ambayo maonyesho ya muuzaji hayaelezi.

Na uamuzi ukishafanyika, mkataba utaje kwa cheo mtu wa ndani ya kituo mwenye mamlaka ya kubadilisha kiolezo bila kumsubiri muuzaji. Baada ya miezi mitatu mtu huyo avute orodha ya visanduku vyote na kuangalia ni vipi havijajazwa na mtu hata mmoja, na vipi vina jibu lilelile kwa karibu kila mgonjwa. Vya kundi la kwanza avifute, isipokuwa vile vinavyosubiri jambo la nadra lakini zito. Vya kundi la pili asivifute kabla ya kukaa na waliovijaza, akawauliza kama walikuwa wakipima au walikuwa wakibofya tu ili ukurasa uwaruhusu kuendelea.